Ramani ya simu ikikuchagulia njia ya ajabu: mwongozo kamili wa kuikagua, kuirekebisha na kuikatalia

Uko kwenye lami, gari linatembea vizuri, mara sauti ya simu inakwambia: baada ya mita 200, pinda kulia. Unatazama kulia. Kuna njia ya vumbi, majani yameota katikati ya alama za matairi, kibao hakuna. Unatazama skrini: mstari wa bluu umepinda kulia bila wasiwasi wowote.

Mimi nilipinda. Kilomita 2 mbele nikakuta kijito. Kwenye skrini mstari ulinyooka hadi ng'ambo; mbele ya gari palikuwa na maji ya kahawia, mawe, na ukingo wa pili uliomomonyoka. Pa kugeuzia hapakuwapo. Nilirudi kinyumenyume karibu nusu kilomita, shingo imegeukia nyuma, gurudumu moja likikanyaga majani kila njia ilipojikunja. Baadaye, nikiwa nimetulia, niliifungua ramani nikaikuza hadi pale mtoni. Njia ile ilikuwa imechorwa kama barabara yoyote ndogo, bila neno kuhusu udongo wake, na mstari ulikatiza mto bila alama ya daraja wala kivuko.

Sijaacha kutumia ramani ya simu. Naitumia karibu kila siku. Nilichobadilisha ni namna ya kuisikiliza. Programu hizi hujibu kwa uaminifu swali zililoulizwa, kwa taarifa zilizonazo. Ikikupa njia ya ajabu, basi kuna kitu kati ya vinne hakiko sawa: mahali unapokwenda, mahali ulipo, jinsi barabara zilivyoandikwa, au masharti uliyoiwekea. Ukijua ni kipi, utajua la kufanya.

Anayechagua njia si setilaiti

Watu husema "GPS imenipoteza". Setilaiti za GPS ziko angani kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo. Simu ikipokea mawimbi ya setilaiti 4 au zaidi, inapiga hesabu na kujua ilipo. Basi, hapo kazi ya setilaiti imekwisha. Hazijui barabara, mto wala geti.

Njia inachaguliwa na programu. Kwake ramani ni wavu wa makutano na vipande vya barabara, na kila kipande kina gharama yake, mara nyingi sekunde za kukipita. Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni mwaka 1956, na kuchapisha mwaka 1959, kanuni ya kutafuta jumla iliyo ndogo kuliko zote kwenye wavu wa namna hiyo. Programu za leo zimeongeza mbinu nyingi za kuharakisha hesabu, lakini wazo la msingi ni lilelile.

Sasa tazama kosa linavyozaliwa. Tuseme lami ni kilomita 7, na mwendo ni 80 kwa saa: dakika 5 na sekunde 15. Pembeni kuna njia ya vumbi inayokata kona, kilomita 4 tu. Kama hakuna aliyeandika kwamba ni ya vumbi, programu inaikadiria mwendo wa barabara ya kawaida, tuseme 50 kwa saa: dakika 4 na sekunde 48. Imeokoa sekunde 27, imeshinda. Ukifika kwenye mashimo unatembea 15 kwa saa, na zile kilomita 4 zinakula dakika 16. Hesabu haikukosewa hata kidogo. Kilichokosewa ni ile 50, na programu haina njia ya kuijua kama mtu hajaiambia au magari ya kutosha hayajapita pale yakiwa na simu.

Kwa hiyo kila unapoona mkato wa ajabu, jiulize swali moja: hapa imeamini nini ambacho si kweli?

Hatua ya 1: Hakiki mwisho wa safari kabla ya njia

Safari nyingi zilizokwenda kombo hazikuharibikia njiani, ziliharibikia kwenye kisanduku cha kuandikia jina. Mwaka 2009 wenzi wawili kutoka Sweden walikuwa wakielekea kisiwa cha Capri, kusini mwa Italia. Wakaandika Carpi. Programu ikawafikisha salama Carpi, mji wa viwanda kaskazini mwa nchi, zaidi ya kilomita 600 kutoka walikotaka. Walikuwa wanakwenda kisiwani, na hawakuvuka bahari. Mwaka 2016 mtalii Mmarekani alikuwa akitafuta hoteli yake kwenye mtaa wa Laugavegur, Reykjavík, Iceland. Anwani aliyokuwa nayo ilikuwa na herufi "r" ya ziada: Laugarvegur. Alijikuta Siglufjörður, pwani ya kaskazini, baada ya saa kadhaa barabarani kwenye baridi ya Februari.

Safari nyingine jina ni sahihi ila ramani yenyewe imeliweka pabaya. Desemba 2012 polisi wa jimbo la Victoria, Australia, walitoa onyo kwa umma kwa sababu ramani ya simu za Apple ilikuwa imeuweka mji wa Mildura ndani ya hifadhi ya Murray-Sunset, kilomita 70 hivi kutoka ulipo. Madereva walikuwa wakikwama huko porini, pasipo maji, mahali ambapo joto linaweza kufika nyuzi 46.

Fanya hivi. Ukishaandika jina, usibonyeze kitufe cha kuanza. Kuza ramani kwenye pini na usome majina yanayoizunguka: mtaa, wilaya, mto, kituo cha reli. Kisha soma jumla ya kilomita na uilinganishe na unachokijua. Kama ulitegemea saa 1 na ramani inasema saa 6, simama hapo hapo.

Ukitumiwa namba za mahali, yaani latitudo na longitudo, ya kwanza ni latitudo. Kuzigeuza kunaweza kukutupa bara jingine. Alama ya kutoa nayo isipotee, maana upande wa kusini wa ikweta latitudo huandikwa kwa hasi. Na usikubali namba zilizokatwa: tarakimu 4 baada ya nukta zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi, lakini tarakimu 2 tu zinaweza kukuacha zaidi ya kilomita 1 kutoka ulipotakiwa.

Kuna kosa jingine hapa ambalo watu hawalijui, na ndilo linalowatesa zaidi wanaopeleka mizigo. Programu haikupeleki kwenye pini. Mara nyingi inakupeleka kwenye sehemu ya barabara iliyo karibu na pini kuliko sehemu nyingine yoyote, ikipima kwa mstari ulionyooka. Fikiria hospitali yenye eneo kubwa. Pini imewekwa katikati ya jengo. Geti liko kusini, mita 120 kutoka kwenye pini. Kaskazini, mita 60 kutoka kwenye pini, kuna uchochoro unaopita nyuma ya ukuta. Programu inaona 60, inaona 120, inakupeleka uchochoroni na kukutangazia kwamba umefika. Mbele yako kuna ukuta. Mstari ukiishia nyuma ya jengo, au ukizunguka mtaa mzima bila sababu mwisho wa safari, ni hili. Dawa yake ni rahisi: tafuta geti kwenye picha ya angani, bonyeza kwa kushikilia palepale getini, na upeleke safari huko badala ya kwenye jina. Unayemwelekeza mgeni nyumbani au ofisini kwako, mtumie pini ya getini, si ya jengo.

Hatua ya 2: Fungua mipangilio

Hii ni kazi ya dakika moja. Angalia chombo ulichochagua: gari, pikipiki, baiskeli au miguu. Nimewahi kukaa na mtu aliyelalamika kwamba ramani inampitisha vichochoroni. Simu yake ilikuwa kwenye alama ya mtembea kwa miguu tangu siku iliyotangulia. Kisha angalia masharti ya kukwepa: barabara za kulipia, barabara kuu, vivuko vya feri. Ukiyawasha kwa safari moja na kuyasahau, kila safari inayofuata itakuwa na mizunguko usiyoielewa. Kuna pia sharti la kupunguza mafuta, ambalo huweza kukuchagulia njia yenye dakika chache zaidi. Waze, programu nyingine ya ramani ya simu, ina kipengele cha kukwepa barabara za vumbi. Kiwashe kama gari lako liko chini.

Anayeendesha lori, basi au gari lenye tela asitegemee programu ya magari madogo. Haijui urefu wa gari lako kwenda juu wala uzito wake, kwa hiyo itakupitisha chini ya daraja fupi kwa moyo mweupe. Tumia programu inayokuruhusu kuingiza vipimo hivyo, na hata hapo vibao vya barabarani ndivyo vyenye neno la mwisho.

Ukitumia ramani uliyoihifadhi bila intaneti, kumbuka kwamba haina habari za foleni wala barabara iliyofungwa asubuhi hiyo.

Hatua ya 3: Isome njia nzima ukiwa bado umesimama

Punguza ukubwa wa ramani hadi uone mwanzo na mwisho pamoja. Njia ya kawaida ina umbo linaloeleweka: inatoka mtaani, inapanda barabara kubwa, inakaa humo, inashuka karibu na mwisho. Ukiona mstari umeacha barabara kubwa katikati ya safari, umeingia mahali fulani, kisha umerudi kwenye barabara ileile, hapo ndipo pa kukagua.

Gusa njia mbadala na utazame tofauti ya dakika. Kanuni yangu ni hii: kama mkato unaokoa chini ya dakika 5 kwenye safari ya saa 1, sikubali, nabaki kwenye barabara kubwa. Makadirio yenyewe hayana uhakika wa kiasi hicho, na kwenye njia ndogo, trekta moja tu mbele yako linatosha kuzila dakika zote ulizookoa. Kuna na watu wanaoishi kwenye mikato hiyo. Januari 2018 mji mdogo wa Leonia, New Jersey, ulifunga mitaa yake 60 hivi kwa wasio wakazi nyakati za msongamano, kwa sababu programu zilikuwa zikimwaga magari ya watu wanaokwenda New York mbele ya nyumba zao. Sekunde 40 zako ni mtoto wa mtu anayeshindwa kuvuka barabara.

Kama mkato una maana, washa picha ya setilaiti na uufuate kwa kidole. Tafuta mambo matatu. Rangi: lami ni kijivu iliyokolea na kingo zake zimenyooka, vumbi ni kahawia na kingo zimepinda. Upana: linganisha na gari lililoonekana kwenye picha, na ujiulize kama mawili yanapishana. Maji: kila mahali mstari unapokata mto, kuza hadi mwisho na utafute kivuli cha daraja. Ningefanya hilo tu, kijito kile kisingenipata. Ila usisahau kwamba picha ile ilipigwa siku moja, pengine miaka kadhaa iliyopita, pengine kiangazi. Haikuonyeshi matope ya leo. Wala haikuonyeshi maji ya bahari yakijaa: mwaka 2012 watalii Wajapani walifuata ramani wakijaribu kwenda kisiwa cha North Stradbroke, Australia, kwa gari la kukodi, juu ya tope la bahari iliyokupwa. Gari lilikwama, bahari ikajaa.

Hatua ya 4: Ilazimishe ipite unakotaka

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na wengi hawaijui. Kama unaijua njia nzuri na programu inang'ang'ania nyingine, usibishane nayo. Ongeza kituo cha kupitia, kiweke kwenye barabara unayoitaka, nayo itapanga upya kila kitu kwa kupitia hapo. Kwenye kompyuta, Google Maps inakuruhusu hata kuushika mstari na kuuburuta.

Pa kukiweka kituo pana ufundi wake. Kiweke baada ya makutano ambapo njia mbili zinaachana, si kabla; ukikiweka kabla, utakipita kisha programu itakurudisha kwenye mkato wake. Kwenye barabara yenye pande mbili zilizotengwa, kuza hadi uone pande zote mbili, kisha uguse upande unaoelekea unakokwenda. Ukigusa upande wa pili, itakuamuru uende kilomita kadhaa mbele, ugeuze, urudi, ugeuze tena. Nimeona watu wakilaumu ramani kwa mzunguko wa namna hiyo kumbe kidole kilikosea kwa milimita 2. Na ukishakipita kituo, hakikisha programu imekivuka. Isipokivuka, kifute, la sivyo itaendelea kukuita nyuma.

Hatua ya 5: Njiani, tambua kwanza kama imekuona

Ghafla inasema "geuza gari", wakati unajua uko kwenye barabara sahihi. Kabla ya kufanya lolote, jicho moja kwenye kidoti cha bluu. Je, kimekaa kwenye barabara yako au kwenye ile ya pembeni inayokwenda sambamba nayo? Chini ya anga wazi simu hukosea kwa mita 5 hivi, na katikati ya majengo marefu hukosea zaidi kwa sababu mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika. Barabara ya huduma ikiwa mita 10 kutoka barabara kuu, au moja ikipita juu ya nyingine, programu hulazimika kubahatisha. Dalili yake ni amri zinazobadilikabadilika: pinda, usipinde, geuza. Usigeuze. Endelea mbele kwa mwendo wa kawaida, ufuate vibao. Barabara zikiachana, kidoti kitarudi mahali pake. Kama jambo hili linakutokea kila mara, tazama ruhusa za simu uone kama programu imeruhusiwa kujua mahali ulipo kwa usahihi kamili, na usiiweke simu ndani ya kisanduku au chini ya kiti.

Kidoti kikiwa sawa na njia imebadilika ghafla, sababu huwa foleni. Habari za foleni zinatoka kwenye simu za watu walio barabarani. Mwaka 2020 msanii Simon Weckert alivuta kigari chenye simu 99 kwenye mitaa ya Berlin, na Google Maps ikaonyesha mtaa mtupu kuwa na msongamano. Somo kubwa zaidi liko upande wa pili: barabara ndogo isiyo na rangi nyekundu ya foleni si lazima iwe nyeupe kwa sababu inapitika. Inawezekana hakuna simu iliyopita.

Juni 2019, karibu na uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, ajali ilifunga njia ya kwenda uwanjani. Programu ikatoa mchepuko kwa wote mara moja: njia ya udongo katikati ya shamba, na mvua ilikuwa imenyesha. Magari 100 hivi yaliingia, la mbele likakwama, nyuma hakuna pa kupita. Kila dereva aliona mwenzake mbele akadhani anaijua njia. Kwa hiyo kuliona gari jingine kwenye mkato si ushahidi wa chochote, maana dereva wake pengine anafuata programu ileile.

Kataa kupinda, au simama mara moja, ukiona lami imekwisha bila kutegemea, majani katikati ya njia, geti, maji yanayokatiza, au kibao cha polisi kinachopingana na skrini. Usiku na wakati wa mvua ongeza ukali: usikubali njia mpya usiyoijua hata kidogo. Kuikatalia hakuna adhabu. Nenda mbele, nayo itapanga upya ndani ya sekunde chache.

Ukiwa umeshaingia

Simama mahali unapoweza bado kugeuza, si mita 300 baada ya hapo. Shuka utembee mbele kabla ya kulipeleka gari. Maji usiyoyaona chini yake usiyaingie kamwe. Kabla mtandao haujapotea, mtumie mtu mahali ulipo, kisha punguza mwanga wa skrini kulinda betri. Kurudi ulikotoka ni njia pekee ambayo tayari unajua inapitika.

Hatua ya 6: Andika, ili wa baada yako asipotee

Programu nyingi zina sehemu ya kuripoti kosa. OpenStreetMap, ramani ya hiari iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayotumiwa na programu kama OsmAnd na Organic Maps, inaruhusu mtu yeyote kuacha ujumbe kwenye ramani au kuirekebisha mwenyewe, pamoja na kuandika aina ya uso wa barabara.

Ripoti ya "njia mbaya sana" haimsaidii mtu. Weka pini mahali penyewe, taja tarehe, na useme ulichoona kwa macho: njia ni ya udongo kuanzia makutano, upana wa gari moja, mto hauna daraja, gari dogo haliwezi kuvuka, hakuna pa kugeuzia. Ambatisha picha.

Mimi niliandika kuhusu kile kijito jioni ileile, viatu vikiwa bado na tope. Mwezi uliofuata nilipanga safari ileile na kukuza ramani pale pa kupinda. Njia ilikuwa imechorwa kwa vidoti vya kahawia, mtoni pamewekwa alama ya kivuko, na mstari wa bluu haukupinda tena, ukabaki kwenye lami.